Joto la Shavu la Kushoto

Tulifungana kwa kamba ya kiatu, mkono wangu na wake,
ya kijani, iliyochakaa ncha,
maana ile kamba rasmi ilikuja kwenye bahasha
fupi kama njiti,
na Ndeonasia akasema: hii ni ya kufungia barua, si mtu.

Mita mia sita zilikuwa zetu,
kutoka Mnara wa Saa kushuka kuelekea stesheni,
hadi pale Ombeni alipoegesha kiti chake.
Mwenge kushoto kwake, kamba kulia,
na mimi mdomo tu:
Tuta. Hatua tatu. Sasa.
Shimo upande wangu, limejaa maji.
"Mlima je, umefunguka?"
Bado. Umejifunika gubigubi.

Watoto wa shule wamepangwa tangu saa moja,
soksi zimevutwa mpaka magotini.
Tarumbeta inapiga kwa pafu moja.
Mheshimiwa yuko mbele, ndani ya gari,
na taa ya akiba, ile yenye moto mama,
imefungwa mkanda wa kiti kama mjukuu.
Vigelegele. Simu juu.
Na mimi, niliyepewa kazi ya kuona,
nikatazama kamera.

Akasimama. Kamba ikanikata kifundo.

"Umezimika."
Nini?
"Moto. Shavu langu la kushoto limepoa."

Kweli. Bomba la bati, uzi wa moshi,
na barabara nzima inashangilia
kitu kisichokuwepo.

Gari limeshakata kona.
Kijana wa itifaki, shati limemganda mgongoni,
anaiambia redio: rudisheni taa, rudisheni taa,
na redio inamjibu kwa kukoroma.
"Kimbieni tu," akatunong'oneza. "Hakuna atakayejua."
"Mimi najua," akasema Ndeonasia,
wala hakunong'ona.

Kando ya mtaro alikuwepo Nakijwa, mtu wa Same.
Alfajiri walimwamuru ahamishe jiko
ili mji upendeze.
Alikuwa amehama hatua nne.
Mahindi sita juu ya wavu, moja limeanza kulialia.
"Hapa pana makaa," akasema Ndeonasia, pua juu. "Nipeleke."
Itifaki akainua kiganja:
moto huu una utaratibu, umetoka mbali, una cheti.
Nakijwa akamkabidhi kipande cha boksi.
"Pepea basi, baba, nawe uwe na kazi."

Akapepea. Nani angekataa?
Majivu yakamrukia tai.
Chini kidogo, nikasema. Kushoto. Hapo hapo.
Utambi ukanywa, ukasita, ukanywa tena.
Hakuna aliyepiga picha.
Ndeonasia akausogeza uso wake karibu,
kama mama anayepima pasi kabla ya kugusa kitambaa,
akakaa hivyo muda mrefu kuliko itifaki yoyote.
"Haya."

Sehemu iliyobaki sikuitazama kamera hata moja.
Jiwe. Mfuniko wa mfereji. Mtoto, anaondoka, ameondoka.
Tukafika.
Kwenye mkono wa kiti cha Ombeni, fundi mmoja wa Pasua
alichomelea kipande cha mlingoti wa antena;
mwenge ukaingia humo kwa sauti ya kufuli.
Ombeni akavuta pumzi.
"Mbona unanukia mahindi?"
"Zungusha magurudumu. Utasimuliwa."

Nikafungua fundo. Kifundoni mwangu mstari mwekundu,
mwake pia.
Nilitazama kamera, nikamwambia.
"Najua. Kamba ililegea."
Nikaushika mkono wake, nikaunyoosha kaskazini:
Umefunguka. Upande wa Mawenzi tu.
"Wa meno meno."
Huo.
Mkono ukabaki juu kidogo, baada ya mimi kuuachia.

Kisha akageuka kule tulikotoka.
"Yule mama. Lile hindi lililoungua tukichukua moto,
nani amelilipa?"

Nikajipapasa mapajani.
Bukta walizotupa hazina mifuko.