Saa Sita ya Kocha

Kocha Rennie aliandika ubaoni: 6.
Kwake ni sita. Kwangu ni kumi na mbili,
na hapa Stirling, mwezi wa kumi na moja,
kumi na mbili asubuhi bado ni usiku mtupu.
Mvua hainyeshi hasa; imesimama hewani
kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Naishika reki, nausawazisha mchanga
kabla sijauharibu.
Hatua kumi na sita, ubao, halafu
kulia, kulia, kushoto, chini.
Kulia, kulia, kushoto, chini.

Mama aliuliza kwenye simu: "Mnaruka nini huko?
Kuna mtaro?"
Hakuna mtaro, mama.
"Sasa?"
Tukahamia bei ya alizeti.

Saa tatu niko darasani kwa Dakta Farquhar,
jina lililonichukua mwezi mzima kulitamka,
mchanga ndani ya soksi, uji wa shayiri ungali kooni.
Mhairi, mrusha nyundo, amelala pembeni yangu
macho wazi, kipaji kisicho na medali.
Wanaosoma tu wanatuita watu wa miguu.
Wanaoruka tu, kule klabu za mjini,
wanatuita watu wa vitabu.
Baba mdogo alionya siku ile ya kuondoka:
mshika mbili...
Hakumalizia. Methali haimaliziwi
mbele ya mtu aliyekwisha kushika tiketi.

Mwezi wa pili, juu ya ubao, kitu kikasema tak.
Hakikuuma kwanza. Nilidhani nimepigwa teke kwa nyuma,
nikageuka kumtafuta mwenye teke.
Hapakuwa na mtu.
Palikuwa na reki.

Wiki ya sita, magongo kwapani,
Dakta Farquhar aliweka mezani mguu wa plastiki,
akaivuta kano ya kisigino kwa kidole kimoja
kama anayejaribu uzi wa zeze.
"Kazi yake nini?"
Darasa kimya. Hata Mhairi aliamka.
"Inakopesha," nikasema.
"Ukiwa chini unaipa uzito wako,
ukipanda inakurudishia."
"Mpaka lini?"
"Mpaka siku inapodai."
Akaandika jibu langu kwa maneno marefu zaidi,
mawili ya Kilatini,
lakini lilikuwa lile lile, nililijua kwa mwendo wake.

Sabini na moja kwa mia.
Kocha Rennie aliishika ile karatasi ya mtihani
muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama rukio langu lolote,
akanirudishia, akasema: "Kesho. Sita."
Kuruka?
"Nani kasema kuruka?"

Mwezi wa tano kunakucha mapema mno huku,
jua linafika uwanjani kabla ya wachezaji.
Iona anaruka, mwaka wa kwanza, miguu mirefu, haraka nyingi.
Mimi ninachuchumaa pembeni ya shimo
na futi ya kupimia, nikitazama alichokiacha:
kisigino cha kushoto kimezama kuliko cha kulia,
nyonga imechelewa, bega limeogopa.
Namwambia. Anarudia. Naufuta mchanga, anarudia.

Simu inalia mfukoni.
"Bado mnaruka mtaro usiokuwepo?"
Wenzangu, mama. Mimi kwa sasa ninasoma.
"Asubuhi yote hii? Unasoma nini?"
Mchanga.
Kimya kidogo, kuku wa jirani wanasikika,
kisha, kwa sauti ya mtu aliyeamua kutouliza zaidi:
"Haya. Vaa soksi."