Je, Kinafulika?

Mama hufuma vitambaa vya makochi kule Luanda,
uzi mweupe, kulabu ya chuma, waridi katikati.
Akimaliza kimoja hukitandaza pajani
na kukiuliza kama mtoto: umenyooka wewe?

Mimi hufuma Maseno, mlango wa tatu baada ya stoo ya kemikali.
Sindano yangu ni ya zahanati, ncha nimeikata butu,
na uzi wangu, Mama, huwezi kuuona:
pasua unywele mmoja kwa urefu, vipande mia tatu,
shika kimoja. Huo.

Kwanza ni uji. Maji, polima, moto wa taratibu,
kisha masizi yenyewe, mirija ya kaboni,
ambayo haipendi maji, hupenda jamaa zake tu.
Ikajikunja madonge,
uji wa bibi harusi asiyezoea jiko.
Nikaitilia sabuni. Nikaitikisa kwa mawimbi ya sauti
saa nzima, chupa ndani ya barafu,
chombo kikilia kama nyenje
hata usiku kitandani bado nikakisikia.

Volti elfu kumi na nane:
transfoma ya televisheni kuukuu, aliifufua Asewe wa Kondele
akaniapisha nisiiguse hata kwa mawazo.
Pipa huzungushwa na mota ya cherehani
niliyoipata Kibuye, mia tisa, baada ya kubishana.
Tone likachungulia kwenye ncha ya sindano,
likavutwa, likachongoka kama pia,
na kutoka kileleni mwake ukaruka uzi.
Niliona mng'aro tu dhidi ya taa,
ukijinyonganyonga, ukikauka hewani
kabla ya kufika.

Saa tisa, mvua. Maseno haikosi mvua saa tisa.
Hewa ikalowa, nyuzi zikaota shanga,
halafu stima ikaenda
na pipa likaendelea kuzunguka kidogo, kwa mazoea.

Kitambaa cha kwanza: kijivu, laini kama ngozi ya ndani ya yai.
Nikakipima. Mita ikanyamaza.
Cha pili, kimya. Cha tano, kimya.
Ongeza, akasema Profesa Lusweti, lakini kidogo.
Hapo ulipo pana kizingiti.

Nilikielewa kizingiti nilipoukumbuka moto wa duka la Ombima.
Watu walipanga mstari toka kijitoni
na ndoo zikakwama katikati
kwa kuwa mikono miwili haikufikiana.
Akaja mtoto wa darasa la nne, sare yake bado mwilini,
akasimama penye pengo.
Huyo tu.
Maji yakafika.

Nikaongeza masizi, kiasi cha kuchafua ukucha.
Nikangoja asubuhi, hewa kavu, jua bado upande wa Nandi.
Nikasokota. Nikagusisha ncha za mita,
nyekundu huku, nyeusi kule.
Ikalia.
Mlio mwembamba, wa kijinga, kama wa saa ya bei rahisi,
na mimi, acha niseme ukweli, nikalia nao.

Jumamosi nilimpelekea Mama kipande ndani ya bahasha.
Akakishika kwa vidole viwili, akakielekeza dirishani,
akatafuta waridi, hakuliona.
Nikamwambia umeme unapita humo.
Nikamwambia ipo siku glavu itajua imeshika nini,
shati litahesabu pumzi za mgonjwa.
Alinisikiliza hadi mwisho, jambo asilolifanya mara nyingi.
"Kizuri," akasema. "Kama ukungu.
Je, kinafulika?"

Polima yangu huyeyuka majini.
Juu yetu mabati yalikuwa yameanza kupokea matone,
moja, moja, kisha mengi.
Nikakirudisha kitambaa ndani ya bahasha
na juu yake, kwa kalamu anayohesabia mishono,
nikaandika:
jaribio la saba, maji.