Jua Linapotulia

Julai, Isyonje. Sakitu imelala juu ya majani ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.
Nasimama mlangoni pa darasa na kikombe cha chai
nikilisubiri jua. Somo la leo ni hilohilo jua.

Nimewaambia kidato cha nne: ipo nuru moja ya jua
ambayo jua halikuizaa.
Chembe za nyota zilizolipuka zamani
husafiri gizani, kila moja peke yake,
hadi siku zinapoligonga jua,
na pale zinapogonga huruka miali ya gama.
Jicho halioni. Ngozi haihisi.

Tusajigwe, dawati la nyuma, viganja ndani ya mikono ya sweta:
"Kwa hiyo, Mwalimu, jua ni ukuta tu?"
Darasa likacheka.

Ukuta wenye sumaku, nikasema, nyuzi zilizosokotana
zinazomshika mgeni shingoni, zikamgeuza alikotoka;
naye akiwa njiani kurudi anajikwaa kwenye gesi,
na kule kujikwaa ndiko mwanga.

Kisha nikawaambia linaloninyima usingizi.
Jua lina miaka yake ya ghasia, madoa usoni,
sumaku zikigombana. Miaka hiyo nuru hii hupungua.
Likitulia, huongezeka.
Kwa nini hasa?
Nikaandika ubaoni: HATUJUI VIZURI.
Chaki ikakatika kwenye *vizuri*.

Baba yangu, Ambakisye, alikuwa mpasua mbao.
Miaka ya nguvu zake hakuna aliyevuka uzio wetu wa matete;
hata aliyekuja kuazima shoka
aliisikia ile sauti, akageukia barabarani.
Halafu kiharusi kikamlaza upande wa kushoto, akanyamaza.
Ndipo wakaja. Watu wa Kikondo, watu wa Igoma,
mwanamke mmoja mwenye mkungu wa ndizi
ambaye mpaka leo hatumjui jina,
wakaketi, wakacheka, wakampangusa mate mdomoni,
na nyumba ile ya mabanzi ikawa na mwanga
nisioweza kusema ulitoka kwake au kwao.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Hakupona.

Saa nne. Sakitu imekuwa maji, maji yamekuwa mvuke.
Wenzake wametoka kunywa uji;
Tusajigwe amebaki dirishani, kiganja amekikinga juani,
anakigeuza, anakigeuza tena,
kama anayepima uzito wa kitu
alichoambiwa kipo.