Kinavuja

Mimi ni fundi viatu, msiniulize jazi.
Niulizeni gundi, sindano, uzi wa nailoni,
niulizeni kisigino cha mwalimu kinacholika upande mmoja.
Lakini Lali Shebwana alikuja kwangu Jumanne moja,
hapa hapa Malindi, nyuma ya soko la zamani,
akafungua gunia la unga, akatoa kitu cha shaba
kilichopinda shingo kama bata aliyeitwa.

"Kinavuja," akasema.
Nikamwambia, kipeleke kwa fundi wa mabomba.
Akacheka. Akanionyesha matundu, na juu ya kila tundu
kifuniko, na ndani ya kifuniko
ngozi iliyoliwa na chumvi.
"Hii si kazi yako?"

Nikamkatia ngozi ya mbuzi, ile laini
ninayotandika ndani ya makubadhi ya bwana harusi.
Vipande ishirini na vitatu. Alilipia kumi na vitano.
Vinane kaenda navyo kaburini.

Baba yake alipuliza zumari, Mambrui,
mzee wa mashavu,
anavuta pumzi puani huku anaimwaga kinywani,
harusi nzima sauti isikatike.
Lali alifundishwa kwa mrija wa mpapai na glasi ya maji:
mapovu yasikome.
Yakikoma, kofi.
Basi alipoipata ile shaba
(Mtaliano mmoja aliiacha badala ya kodi ya miezi minne)
hakujua kwamba watu wengine
hupumua katikati ya wimbo.

Miaka kumi na tisa alipiga hotelini, shati la maua,
nyimbo za kuwateremshia wageni tambi.
Ikifika saa sita usiku, meza zikifutwa,
ndipo alipoanza kazi.
Nilimsikia mara moja tu,
nimekaa jikoni juu ya kreti ya soda,
nimefuata vinane vyangu.
Alianza na wimbo wa kumtoa bibi harusi ndani, naujua,
kisha akauvua viatu,
akautembeza pekupeku kwenye changarawe,
ukachechemea, ukakimbia,
ukarudi nyumbani kwa mlango wa uani.
Deni nikalisahau.
Usiku ule tu.

Hakurekodi. Alipanda basi la Nairobi, akaingia studio,
wiki haikwisha karudi:
"Wanataka niishie dakika ya tatu.
Baba angenizaba kofi."

Mapafu yalimwisha kabla ya meno.
Hospitalini wakampa mrija apulize, kimpira kipande.
Hakikupanda.
Akamtazama nesi:
"Hiki kinavuja, binti. Mpelekeeni fundi viatu."

Wanasema hakuacha kitu.
Mimi nakaa barabarani, nasikia.
Wapuliza zumari wa siku hizi hawainyooshi sauti,
wanaipinda pale pale alipoipinda yeye,
na ukiwauliza watakwambia ndivyo ilivyokuwa tangu mababu.
Kazungu wa mkokoteni wa maji, zamani akiosha vyombo hotelini,
akipiga mluzi huchelewa kidogo, makusudi;
wateja wanadhani amechoka.
Na nyundo yangu, hili silisemi mbele za watu,
haigongi tena moja mbili, moja mbili.

Sasa iko kwa Mbeyu, binti wa yule mpishi,
ghorofani, Maweni, dirisha la wavu uliochanika.
Jana nilipita na mkate wangu nikasimama.
Anapiga vibaya. Anapiga kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Lakini hapumui katikati.
Nani kamwambia?
Na kila akishuka kwenye sauti moja ya chini
inatoka na upepo pembeni, fyuu,
nikaijua: tundu la tano,
kile kipande nilichokikata harakaharaka Ijumaa
muadhini keshaanza.
Ngozi yangu hiyo. Ningeitambua hata usingizini.

Sikumwita. Atakuja mwenyewe, na gunia lake.
Ngozi nimeshaikata, iko chini ya kiti, nimeifunga kwa gazeti.
Bei sijaamua.