Muhuri wa Kumi

Kadi ya basi ya Olweny ina mihuri tisa,
yote ya Eldoret, yote ya kliniki.
Wa saba umefifia: mvua ilitunyeshea Kapsabet,
naye akacheka, "Bado miwili, nipande bure kama mbunge."

Leo nimeiteleza chini ya kioo, stendi ya Kisumu.
Karani akaigeuza, akaikuna kwa ukucha.
"Safari ya kumi ni bure. Eldoret?"

Hapana.
Eldoret naijua hadi harufu ya sabuni ya wodi.
Nipe Kitale, nikatazame mahindi tu.
"Kitale utaongeza mia mbili."

Nikaongeza.
Kadi hairudishwi, akasema, ni sheria.
Nikakaa dirishani, upande wake.
Kapsabet, jua kali.
Eldoret nilifumba macho
mpaka tukatoka.