Volti Kumi na Mbili

Jumapili, Kizota. Jua la Oktoba
limekaa juu ya paa la kirikuu kama mgeni asiyeaga.
Nina spana namba kumi, bisibisi ya kuazima,
rilei ya miguu minne, waya mwekundu mita tano
(betri ya gari hili inaishi nyuma, kama aibu),
na fyuzi niliyouziwa na Ndahani
kwa bei ya ndugu, yaani ghali.

Kirikuu yangu haikuzaliwa na honi. Ilizaliwa na kifaranga.
Ukikibonyeza Kibaigwa, katikati ya malori ya mahindi,
mbuzi anageuka, anakuonea huruma,
anaendelea kuvuka.
Mwezi wa saba, njia ya Bahi, ng'ombe walinizingira.
Nilipiga. Nikapiga tena.
Mchungaji akaegemea fimbo: "Shuka uzungumze nao."

Skrubu sita, uso unatoka.
Nyuma yake panzi wakavu, bawa la kumbikumbi,
vumbi jekundu la Kondoa limelalia vumbi jeupe la Manyoni;
mwaka mzima wa kupakia zabibu na kushusha saruji
umejibanza kwenye matundu ya rejeta.
Napuliza. Napiga chafya mara tatu.
Ndahani, kivulini kwake, anasema afya.

Konokono wawili, wapya wa dukani: mmoja mwembamba wa sauti,
mmoja mnene. Nawafunga midomo ikitazama chini
ili mvua ya Desemba isiwajaze.
Bampa linawakataa; nalikata kwa msumeno wa chuma
upana wa vidole vitatu, nusu kwa jicho, nusu kwa tusi.
Kwenye hasi nakwangua rangi mpaka bati ling'ae:
umeme haupendi mapambo.

Nabonyeza.
Mtaa mzima unakaa kimya, halafu unatukana.

Ningeishia hapo.
Ila kwenye ndoo ya rangi, chini ya nati zisizo na wenzake,
ipo honi ya baba.
Skania yake iliondoka kwa kilo, mlango baada ya mlango,
mimi nikaomba hii tu, nzito kama kichwa cha beberu.
Enzi zake ilisikika kabla vumbi halijaonekana.
Kule Hombolo mama akiisikia darajani
alibandika maji ya ugali,
hata saa za kuuliza saa ngapi hazikuwepo.

Ndahani anaigeuza, anasoma mgongoni.
"Ishirini na nne hii. Wewe una kumi na mbili.
Haitaita. Itaguna."
Naifunga hivyo hivyo, upande wa kulia, kwa waya wake
na swichi yake chini ya usukani, mahali goti linapajua.

Jioni, Hombolo.
Njia nzima nimetumia konokono, na ng'ombe wamenielewa.
Kwenye kona ya nyumbani nikapapasa swichi.
Ikatoka sauti ya mtu anayeamshwa usingizini,
nusu kikohozi, nusu jina.

Mama alikuwa anachambua mlenda. Mkono ukasimama.
Nilidhani atasema siyo yenyewe.
"Mwaka ule wa mwisho," akasema,
"ndivyo alivyokuwa anaita."
Akaingia ndani. Nikasikia mfuniko wa sufuria.

Ndahani amenipigia: kuna fundi Chang'ombe
anaweza kuipandishia umeme, ifike ishirini na nne, ingurume.
Nimemwambia aache.

Skrubu zilikuwa sita; nimerudisha tano.
Uso umekaa. Moja iko mfukoni,
inagongana na funguo kila ninapotembea.