Mlio wa Sitini

Lilikuwa likitetemeka kwenye sitini.
Hamsini na tano, kimya. Sabini, kimya.
Sitini kamili, kiti kinanisaga mgongo
na glasi za watalii zinagongana kwenye kasha
kama meno ya mwenye homa.

Nikanunua matairi. Manne, kwa mkopo.
Likatetemeka.
Nikabadili beringi za mbele, nikanyoosha rimu.
Fundi wa kule stesheni akaniuzia shokamzoba
na maelezo marefu kuliko risiti.
Likatetemeka na shokamzoba zake mpya.

Ndipo nikaenda kwa Saturnina Colque:
ukuta wa matofali ya chumvi, bati, mbwa mmoja,
sketi zake kapandisha juu ya suruali ya kazi.
Hakufungua boneti.
"Endesha," akasema, akaingia nyuma,
akaketi sakafuni, kiganja juu ya chuma.

Tukaingia uwandani.
Huku hakuna shimo la kusingizia, wala kona;
weupe tu, mpaka jicho linaomba radhi.
Sitini. Likaanza.
"Ondoa mguu."
Nikaondoa. Likanyamaza.
"Kanyaga."
Likarudi.
"Toa gia, liache lijiendee."
Likajiendea kama limemeza siagi.
"Basi waache matairi wa watu," akasema.
"Tairi halijui mguu wako uko wapi.
Analalamika yule anayebeba mzigo."

Tukapiga jeki, tukaweka magogo.
Chini kule kuna baridi ya nyanda za juu,
ile inayoingilia ukuchani.
Akaishika propela ya nyuma kwa mikono miwili,
akaisokota kidogo, huku, kule.
Tik.
"Umesikia?"
Tik.
Na pembeni ya krosi, vumbi jekundu,
laini kama pilipili ya unga:
chuma kimekula chuma
kwa kukosa grisi ya bei ya mkate.

Miaka mitatu nalishika usukani
sikuwahi kulala chini yake.
Lilikuwa la kaka yangu Wilber, kabla hajavuka mpaka
kwenda kuchimba shaba ya watu.

Saturnina akasugua chumvi kwa brashi ya waya,
azione boliti.
Chini ya chumvi yakatoka maandishi kwenye chesisi,
rangi nyeupe, mwandiko wa mtu aliyelala chali:
*Grisi, Machi 2.*
*Grisi, Machi 16.*
*Grisi, Machi 30.*
*Grisi, Aprili 13. Mwonyeshe Froilán.*

Akasoma. Hakusema kitu.
Akanyoosha mkono: "Spana, kumi na nne."

Sijui kama hakunionyesha,
au alinionyesha
nami nimesimama juu ya pipa, simu hewani,
natafuta mtandao.

Akachora mstari wa chaki kwenye propela
ili irudi kama ilivyotoka.
Klipu, nyundo, soketi kuukuu ya kugongea.
Krosi mpya ikaingia vikombe vitatu;
cha nne kikagoma, kimebakiza milimita mbili.
Mimi ningekipiga.
Yeye akakitoa, akakichungulia kwenye mwanga:
sindano moja, nyembamba kuliko njiti ya kiberiti,
imeanguka, imelala chini ya kikombe.
Akaisimamisha kwa ncha ya kisu na tone la grisi,
akinisengenya kwa mbwa.

Kisha akanipa bomba. "Wewe."
Nikasukuma mpaka grisi ikachungulia pande zote nne.
Akaniwekea kopo la rangi kifuani, bila brashi.
Nikaandika kwa kidole. Grisi, na tarehe.
Herufi zangu zimekaa upogo chini ya zake.

Sitini, sasa, kimya.
Kimya hivi kwamba nasikia mlango wa nyuma, wa kushoto,
kitu kidogo kwenye bawaba, kila tukipanda tuta.
Nimepunguza mwendo. Nimeweka kiganja.
Matairi bado nadaiwa.